Kusoma Warumi 16 kwa Kikundi: Mwongozo wa Somo Kuhusu Wanawake wa Kanisa la Kwanza

Sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi hurukwa na wengi kwa sababu inaonekana ni salamu tupu. Vikundi vingi vya Biblia vikimaliza sura ya 15 huhamia kitabu kingine. Wanachokosa ni kikubwa: hakuna sura nyingine katika Agano Jipya inayotaja wanawake wengi namna hii pamoja na kazi walizofanya. Paulo anasalimu watu 26 mmoja mmoja, na 9 kati yao ni wanawake. Ukimwongeza Fibi, ambaye hasalimiwi bali anatambulishwa, wanakuwa 10.

Mwongozo huu ni wa anayeongoza somo: mwalimu wa jumuiya, katibu wa umoja wa wanawake, mwinjilisti, kiongozi wa vijana. Umepangwa kwa vipindi vinne vya dakika 90. Ukipata vipindi viwili tu, fanya cha kwanza na cha pili, na usijaribu kubana vyote vinne. Lengo ni moja: kila mshiriki aweze kusema, kwa kuonyesha mstari, nani alifanya nini, wapi, na ni akina nani waliomtegemea. Sura hii isomwe kama daftari la wafanyakazi, na hapo majina yenyewe yanaanza kusema.

Maandalizi

Kikundi cha watu 8 hadi 15 ndicho kinachofaa. Wakizidi hapo, wagawe kwa makundi ya watano watano, kila kundi na karatasi yake. Hakikisha kuna tafsiri mbili za Biblia mezani: ile ya Union ya 1952, ambayo wengi wanayo, na Habari Njema. Ukiwa na tafsiri moja tu, mabishano yatazuka juu ya neno lililochaguliwa na mfasiri, na hutakuwa na namna ya kuyatatua.

Kata vipande 27 vya karatasi, ukubwa wa nusu ya kiganja. Kwenye kila kipande andika jina moja: watu 26 wanaosalimiwa, na Fibi. Mama yake Rufo na dada yake Nerea hawatajwi kwa majina yao, lakini wape vipande vyao. Aristobulo na Narkiso usiwahesabu, kwa sababu Paulo anasalimu watu wa nyumba zao, hawasalimu wao wenyewe. Hapa ndipo hesabu za viongozi wengi hupotea.

Tayarisha karatasi moja kubwa ya ukutani yenye safu tano: jina, mstari, maneno ya Paulo juu yake, mahali, na ushahidi mwingine katika Biblia. Safu ya tano itabaki tupu kwa wengi wao, na iachwe hivyo hivyo. Mwisho, chora ramani ya kawaida tu inayoonyesha Roma, Filipi, Korintho, Efeso na Yerusalemu. Pembeni mwa Korintho weka bandari zake mbili: Lekaio upande wa magharibi, inayotazama njia ya Italia, na Kenkrea upande wa mashariki, inayotazama Efeso na Asia.

Kipindi cha kwanza: kujaza daftari

Anza kwa kusoma Warumi 16:1–16 kwa sauti, bila maelezo yoyote. Ni dakika tatu hivi. Mpe msomaji hodari usiku wa kuamkia siku hiyo ayafanyie mazoezi majina, kwa sababu msomaji akikwama kwenye Asinkrito na Flegoni watu watacheka, na baada ya kicheko ni vigumu kuwarudisha.

Kisha gawa vipande vya majina. Kila mshiriki amtafute mtu wake kwenye mistari, asome kinachosemwa juu yake, aje abandike kipande kwenye karatasi kubwa na ajaze safu. Wape dakika 25. Usiwaambie kwanza nani mwanamke na nani mwanamume, bali waulize wao wabashiri.

Hapa kuna tatizo ambalo kiongozi lazima alijue mapema. Kiswahili chetu hakitofautishi “yeye” wa kike na wa kiume, kwa hiyo msomaji anaweza kumpita Persisi, au Yunia, akidhani ni mwanamume. Kigiriki kinaonyesha. Baada ya kubashiri, taja orodha kamili: Fibi, Priska, Mariamu, Yunia, Trifaina, Trifosa, Persisi, mama yake Rufo, Yulia, na dada yake Nerea. Wazungushie kwa kalamu ya rangi moja.

Sasa waelekeze washiriki kwenye kitenzi. Mariamu katika mstari wa 6, Trifaina, Trifosa na Persisi katika mstari wa 12: wote wanne wanasifiwa kwa kujitaabisha. Tafsiri zinasema “kujitaabisha”, “bidii” au “kujitahidi”, lakini Kigiriki ni kitenzi kimoja, na katika sura hii hakutajwa nacho mwanamume hata mmoja. Fungueni Wagalatia 4:11, ambapo Paulo anahofu kwamba labda amejitaabisha bure kwa ajili yao. Ni kitenzi kilekile, na anakitumia kwa kazi yake mwenyewe ya Injili. Kisha fungueni 1 Wathesalonike 5:12, ambapo waumini wanaambiwa wawatambue wale wanaojitaabisha kati yao na kuwasimamia katika Bwana. Baada ya mistari hiyo miwili hakuna atakayesema tena kwamba Persisi alisifiwa kwa kupika chai ya ugeni.

Majina kama Persisi, Trifaina na Trifosa yalikuwa ya kawaida miongoni mwa watumwa na watumwa walioachwa huru katika Roma ya wakati ule. Hatuwezi kuapa juu ya mtu mmoja mmoja, lakini lisemeni, kwa sababu huwasaidia washiriki kuona kwamba waliotajwa si mabibi wa majumba makubwa peke yao.

Kipindi cha pili: Fibi na safari ya waraka

Hiki ndicho kiini cha somo zima, na kipewe muda wote. Tafsiri nyingine zinaandika Foibe, ni mtu yuleyule. Mistari ni miwili tu, 16:1–2, lakini ndani yake Paulo anamtaja kwa namna tatu: dada yetu, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na mtu aliyewasaidia wengi pamoja na Paulo mwenyewe. Zichukueni moja moja.

Neno lililotafsiriwa “mhudumu” ni diakonos. Wape washiriki mistari mitatu waitafute wenyewe: Waefeso 3:7, ambapo Paulo anajiita hivyo, Wakolosai 1:7, ambapo Epafra anaitwa hivyo, na Wafilipi 1:1, ambapo neno hilohilo kwa wingi linatafsiriwa “mashemasi”. Waache wakae na hilo dakika kadhaa kabla ya kulisema wewe. Kosa la kawaida hapa ni kukimbilia hukumu upande wowote. Mmoja atasema Fibi alikuwa shemasi kwa maana ya daraja linalotolewa leo, mwingine atasema alikuwa mfagiaji wa kanisa. Yote mawili yanazidi maandishi. Kilicho wazi ni kwamba Paulo anamhusisha na kanisa fulani kwa jina la mji wake, na anampa neno analolitumia kwa watenda kazi wa Injili.

Neno la tatu, “amewasaidia”, kwa Kigiriki ni nomino, prostatis: mtu anayesimama mbele ya wengine na kuwabeba kwa mali, nyumba na heshima yake mjini. Rudini kwenye 1 Wathesalonike 5:12 mliyoisoma juma lililopita, kwa maana neno “kuwasimamia” pale linatoka mzizi mmoja na hili. Wapo pia wanawake wa aina hiyo wanaojulikana nje ya Biblia. Junia Theodora aliishi Korintho katika karne ya 1, na maandishi ya mawe yanaonyesha watu wa Likia, eneo la Asia Ndogo, wakimshukuru kwa kuwapokea wasafiri wao na kuwasimamia mambo yao mjini. Fibi aliishi jirani kabisa na hapo. Kwa hiyo mwanamke mfadhili mwenye sauti halikuwa jambo geni katika eneo lile.

Sasa ujumbe wenyewe. Paulo aliandika Warumi akiwa Korintho, kwenye mwaka wa 57 hivi. Aliyeshika kalamu ni Tertio, naye anajitaja katika 16:22. Posta ya dola ilibeba barua za serikali tu, kwa hiyo mtu wa kawaida ilimlazimu apate msafiri anayemwamini. Waraka hausemi waziwazi “Fibi ameubeba”, bali kumkabidhi mtu kwa wenyeji mwishoni mwa barua, mpokeeni na msaidieni, ndiyo iliyokuwa njia ya kumtambulisha aliyeileta. Wasomi wengi husoma hivyo, nasi tunaona ndiyo maelezo yanayokaa vizuri zaidi.

Mletaji hakuwa wa kukabidhi na kuondoka. Linganisheni na Tikiko katika Waefeso 6:21–22 na Wakolosai 4:7–9, ambaye anatumwa awajulishe wasomaji hali ya Paulo na kuwafariji mioyo. Watu walimgeukia mletaji na maswali.

Zoezi la kipindi hiki ni hili. Mchague mshiriki mmoja awe Fibi. Mpe wiki nzima asome Warumi 14:1 hadi 15:13, ile sehemu ya wanaokula kila kitu na wanaokula mboga. Kikundi kigawanywe pande mbili: waumini wa Kiyahudi waliorudi Roma baada ya kufukuzwa, na waumini wa mataifa. “Fibi” aisome kwa sauti, dakika tano au sita, kisha kila upande umwulize maswali matatu, naye ajibu kwa maandishi aliyoyasoma, bila kubuni fundisho jipya. Watu wakishaona jinsi ilivyo kazi kujibu kuhusu sehemu moja tu, waambie waraka mzima una mistari 433 na kuusoma wote kwa sauti huchukua karibu saa nzima.

Zoezi hili huharibika kwa sababu mbili. Ya kwanza, anayeigiza hakuandaliwa, akaanza kuhubiri ya kwake. Ya pili, kiongozi anamkatiza ili amsaidie. Mwache ahangaike kidogo.

Kwenye ramani, onyesha mahali Kenkrea ilipo. Fibi alitoka bandari ya mashariki, naye anakwenda magharibi, maana yake ilimbidi avuke shingo ya nchi kwenda upande wa Lekaio, au azunguke kwa bahari kusini mwa Peloponeso, rasi ya kusini ya Ugiriki. Njia aliyoishika haikuandikwa. Inatosha watu waone ukubwa wa safari.

Kipindi cha tatu: Priska na Yunia

Priska hachukui muda mrefu, kwa kuwa ushahidi wake ni mwingi na uko wazi. Ndiye Priskila wa Matendo. Anatajwa mara sita, kila mara pamoja na mumewe Akila: Matendo 18:2, 18:18 na 18:26, Warumi 16:3, 1 Wakorintho 16:19 na 2 Timotheo 4:19. Wape washiriki mistari hiyo sita waandike jina linalotangulia. Watakuta mara nne la mke linatangulia, jambo lisilokuwa desturi. Matendo 18:26 huleta mkanganyiko, kwa sababu nakala za kale zinatofautiana juu ya nani atangulie, na baadhi ya Biblia zimefuata nakala zinazomweka Akila mbele. Mtu akisema yake inasoma tofauti, hajakosea.

Wafuatilieni kwenye ramani: walifukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio, ambayo kwa kawaida huwekwa mwaka 49, wakashona mahema Korintho pamoja na Paulo, wakahamia Efeso, wakarudi Roma. Efeso kanisa likakutana nyumbani kwao, na Roma vilevile. Na Efeso ndipo walipomchukua Apolo, msomi wa Aleksandria, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Kuna mwalimu wa kike hapa, na mwanafunzi wake alikuwa mhubiri hodari tayari.

Yunia, Warumi 16:7, anahitaji mkono wa taratibu. Yeye na Androniko ni jamaa za Paulo, walifungwa pamoja naye, walikuwa katika Kristo kabla yake, na ni “maarufu miongoni mwa mitume”. Maswali mawili yatatokea, nawe uyatenganishe kabisa.

La kwanza: ni mwanamke? Ndiyo. Yunia lilikuwa jina la kike la kawaida sana kwa Warumi. Jina la kiume la Yuniasi, ambalo wengine walilisoma mahali pake, halijapatikana kwenye maandishi yoyote ya kale ya Kirumi. Hata hivyo toleo la Kigiriki linalotumiwa zaidi na wafasiri liliweka umbo la kiume kuanzia 1927 hadi 1998, na ndiyo sababu baadhi ya Biblia za lugha nyingine za karne iliyopita zina jina la kiume.

La pili: alikuwa mtume, au alijulikana tu kwa mitume? Hapa wasomi wanabishana kwa haki, kwa kuwa Kigiriki kinaweza kubanwa kwenda upande wa pili. Sisi tunashika usomaji wa kwanza, na sababu kubwa ni Yohane Krisostomo, askofu mkuu wa Konstantinopoli aliyefariki mwaka 407. Kigiriki kilikuwa lugha yake ya kuzaliwa, hakuwa mtetezi wa uongozi wa wanawake, na bado katika mahubiri yake juu ya mstari huu alishangaa jinsi hekima ya mwanamke huyu ilivyokuwa kubwa hata akastahili kuitwa mtume. Wasomee washiriki hoja zote mbili, kisha uwaache waandike wanachoona kwenye safu. Usipige kura.

Kipindi cha nne: waliotumwa kutoka kaburini, na wenye nyumba

Gawa makundi manne, kila moja na Injili yake: Mathayo 28:1–10, Marko 16:1–8, Luka 24:1–12, Yohana 20:1–18. Kila kundi lijibu manne: walikuwa nani, nani aliwatuma, ujumbe ulikuwa upi, na waliosikia walifanyaje. Dakika 20, kisha majibu yabandikwe pamoja.

Orodha za wanawake hazifanani. Mathayo ana Mariamu wawili, Marko anamwongeza Salome, Luka anamtaja Yoana, na Yohana anamweka Mariamu Magdalene mbele peke yake. Magdalene ndiye aliye katika Injili zote nne. Katika Marko 16:8 wanawake wanakimbia kwa hofu bila kumwambia mtu, na nakala mbili kongwe zinazotegemewa sana, Sinaitiko na Vatikano, zinaishia hapo. Katika Luka 24:11 mitume wanaona maneno yao kuwa upuzi. Soma mstari huo mara mbili, polepole. Hao ndio walioletewa habari, na hao ndio walioikataa kwanza.

Kosa moja litakuja bila kuitwa: “Magdalene alikuwa kahaba.” Hakuna mstari unaosema hivyo. Luka 8:2 inasema alitolewa pepo saba, na 8:3 kwamba yeye na Yoana mke wa Kuza, na Susana, na wengine wengi waliihudumia safari ya Yesu kwa mali zao. Mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7 hana jina. Aliyewaunganisha katika mahubiri yaliyosambaa sana upande wa magharibi ni Papa Gregori Mkuu, mwaka 591. Kanisa Katoliki limeifanya tarehe 22 Julai kuwa sikukuu kamili ya Magdalene tangu 2016, likimwita mtume wa mitume. Na Mariamu wa Warumi 16:6 ni mtu mwingine tena, ambaye hatajwi kwingine kokote. Mwandikie safu yake peke yake.

Waliobaki wapitieni haraka kwa kuwaongeza chini ya daftari: Lidia wa Filipi, mwuza zambarau kutoka Thiatira (Matendo 16:14–15, 40), Euodia na Sintike, walioishindania Injili pamoja na Paulo (Wafilipi 4:2–3), Nimfa na kanisa la nyumbani (Wakolosai 4:15), mama yake Yohana Marko, ambaye Petro alipotoka gerezani alikimbilia kwake (Matendo 12:12), binti wanne wa Filipo waliotabiri Kaisaria (Matendo 21:9). Thekla, akitajwa na mtu, ni wa masimulizi ya karne ya 2, na asiandikwe kwenye karatasi hii.

Ukibakiwa na dakika 15, endelea mbele ya Agano Jipya. Mwaka 112 hivi, gavana Plinio wa Bithinia alimwandikia Kaisari Traiano kwamba amewatesa watumwa wawili wa kike wa Kikristo ili apate ukweli, na kwamba wenzao waliwaita wahudumu. Mkutano wa maaskofu wa Kalkedoni wa 451 uliweka kanuni kwamba mwanamke asiwekwe kuwa shemasi kabla ya miaka 40. Kanuni haitungwi juu ya watu wasiokuwepo.

Maswali yatakayowasha moto

1 Wakorintho 14:34–35, inayosema wanawake wanyamaze kanisani, na 1 Timotheo 2:11–12, isiyomruhusu mwanamke kufundisha, zitaulizwa, pengine kipindi cha kwanza kabisa. Usizikwepe, na usizijibu kwa haraka. Kwa Wakorintho, someni kwanza 11:5 ya waraka uleule, ambapo wanawake wanasali na kutabiri mbele ya kusanyiko na Paulo anawapangia namna ya kufanya hivyo. Anayetaka 14:34 iwe marufuku ya kila neno anapaswa aeleze 11:5. Elezeni pia kwamba baadhi ya nakala za kale zinaiweka mistari hiyo miwili baada ya mstari wa 40, jambo lililowafanya wasomi wengine waihoji asili yake. Kwa Timotheo, kumbukeni kwamba katika 2 Timotheo 4:19 salamu zinapelekwa kwa Priska aliyemfundisha Apolo.

Makanisa yetu hayajafikia uamuzi mmoja kuhusu daraja za wanawake, na kikundi chako pengine kina watu wa mawazo tofauti. Mjadala ukihamia huko, andika swali kwenye karatasi ya pembeni mbele ya wote, lipeleke kwa mchungaji au padre wenu kabla ya kipindi kinachofuata, na uje na jibu lake kama alivyolisema. Kisha rudi kwenye jina linalofuata ukutani.